Mabingwa Wawili wa Mwaka Mmoja

Mwaka 1985 Tanzania ilikuwa na mabingwa wawili wa soka, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Yanga walichukua taji la Ligi Daraja la Kwanza Tanzania Bara. Majimaji ya Songea wakachukua la Ligi ya Muungano. Mwaka 1986 ikawa vilevile: Bara ilikwenda kwa Tukuyu Stars, vijana wa Rungwe waliokuwa ndiyo kwanza wamepanda daraja, na Muungano ukabaki Songea kwa mara ya pili mfululizo. Ukitaka kuwasha moto kijiweni Matogoro, pembeni mwa mji wa Songea, chini ya milima inakoanzia safari ya Mto Ruvuma, uliza tu bingwa halali wa miaka ile miwili alikuwa nani. Wazee watajibu kabla hujamaliza swali.

Chanzo cha ubishi ni namna nchi yenyewe ilivyoundwa. Tanganyika na Zanzibar ziliungana Aprili 26, 1964, na mwaka uliofuata ligi ya taifa ikaanza, Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo leo ni Simba, ikiwa bingwa wa kwanza. Lakini Zanzibar iliendelea na chama chake cha mpira na ligi yake. Tatizo lilikuwa Afrika. Kwenye Klabu Bingwa Afrika, Tanzania ilihesabiwa kuwa nchi moja yenye nafasi moja. Ndipo mwaka 1982 ikaanzishwa Ligi ya Muungano: timu za juu za Bara zikutane na timu za juu za Visiwani, na atakayeibuka kinara ndiye abebe bendera ya nchi. Pan African walikuwa wa kwanza kuitwaa, Yanga wakafuata mwaka 1983, na 1984 KMKM wakaivusha bahari hadi Unguja. Kisha zikaja zamu mbili za Majimaji.

Kwa Songea hilo halikuwa jambo dogo hata kidogo. Soka la nchi hii lilizaliwa likitazama Kariakoo. Yanga wa mwaka 1935 na Simba wa 1936 waligawana mashabiki hadi vijijini ambako hakuna aliyewahi kuwaona wakicheza. Mseto ya Morogoro ilikuwa imeonyesha mwaka 1975 kwamba taji linaweza kutoka Dar es Salaam, lakini Morogoro ni jirani. Songea iko mbali, karibu kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam. Lami ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza, ilikuwa bado ngeni. Kabla yake, masika yalitosha kuufunga mkoa. Basi la timu likiondoka, mji ulijua halitarudi kesho.

Na jina lenyewe lina uzito. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, viliacha kaburi katikati ya mji huu: Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, na kila Februari watu hukusanyika kwenye makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka. Klabu ikabeba jina la vita hivyo, uwanja nao ukaitwa hivyo hivyo, na mashabiki wakajiita Wanalizombe, kwa ngoma ya lizombe inayochezwa Ungoni. Timu yenye jina kama hilo inapofungwa, wanaoumia si mashabiki wa mpira peke yao.

Mechi za ugenini zilisikika kwa Redio Tanzania Dar es Salaam tu. Televisheni haikuwapo Bara. Miaka ile bidhaa zilikuwa za kutafuta kwa tochi: sukari, sabuni, betri. Betri zilizochoka zilianikwa juani asubuhi ya siku ya mechi, zikipinduliwa upande huu na upande ule, ili zipate nguvu ya kumalizia walau dakika tisini. Redio iliwekwa dirishani, sauti juu, na waliokosa nafasi karibu waliletewa habari kwa midomo ya waliokaa mbele. Wengi wa wanaobishana leo walilipata taji lile kwa masikio.

Sasa, hoja. Mtu wa Yanga atakuambia ligi ya Bara ndiyo kipimo cha kweli cha mwaka mzima: timu nyingi, safari ndefu, viwanja vya kila aina, mvua na vumbi. Ya Muungano, atasema, ilichezwa na timu chache zilizokwishachujwa, na kwenye mashindano ya timu chache bahati ina nafasi kubwa. Mtu wa Tukuyu ana hoja nyingine, nayo ni nzito: kupanda daraja na kutwaa ubingwa katika msimu wa kwanza ni jambo ambalo hata vigogo wa Kariakoo hawana la kulilinganisha nalo. Wanalizombe hujibu kwa neno moja, Afrika. Aliyepelekwa kuiwakilisha nchi kwenye Klabu Bingwa ni nani?

Ubishi wa aina hii haukuanzia kwenye mpira, wala si wa Tanzania peke yake. Wanaoufahamu zaidi pengine ni watu wa mbio za farasi. Kwa Afrika Mashariki mchezo huo umekaa Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954. Lakini bishano kubwa lilikuwa Marekani. Kule Farasi wa Mwaka hapatikani kwa pointi. Anapigiwa kura, na kwa miaka mingi waliopigisha kura hizo walikuwa zaidi ya mmoja. Mwaka 1957 gazeti la Daily Racing Form lilimtangaza Bold Ruler, huku chama cha wenye viwanja kikimpa heshima hiyo Dedicate. Farasi wawili, taji moja, na kila upande una cheti. Mwaka 1971 waliamua kuunganisha kura na kuanzisha tuzo moja, Eclipse.

Tuzo ikawa moja, ubishi haukwisha. Mwaka 2009 farasi jike Rachel Alexandra alishinda mbio zake zote nane, akawapiga na madume kwenye mbio za Preakness. Zenyatta, jike mwingine, naye alishinda zake zote tano, akawa jike wa kwanza kutwaa mbio za Breeders' Cup Classic. Hawakukutana hata mara moja. Kura zikatoka 130 kwa 99, Rachel akachukua, na wapenzi wa Zenyatta hawakuridhika ingawa mwaka uliofuata tuzo ilikwenda kwao.

Hapo ndipo Majimaji wanapokuwa na nguvu kuliko Zenyatta. Hakuna aliyewapigia kura. Ligi ya Muungano ilijengwa ili walio bora wa Bara wasikwepane na walio bora wa Zanzibar, na aliyemaliza juu alikuwa amepita katikati yao wote. Kwa hiyo swali la nani alikuwa klabu bora ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1985 na 1986 lina jibu, nalo ni Majimaji. Swali la bingwa wa Bara lina jibu lake pia: Yanga, halafu Tukuyu. Ni mashindano mawili yenye mipaka miwili, na kumpa mmoja hakumnyang'anyi mwingine.

Kosa liko kwenye orodha za mabingwa. Zipo zinazoanza na ligi ya Bara, zikifika katikati zikachomeka bingwa wa Muungano, kisha zikarudi Bara bila maelezo. Nyingine zinawapa Majimaji mataji matatu, yaani 1985, 1986 na 1998, na nyingine haziwapi hata moja. Kijana anayesoma Chuo cha Ualimu Matogoro, akitaka kuwafundisha wanafunzi wake historia ya mkoa, atakuta vitabu vinapingana juu ya jambo lililotokea wakati wazazi wake wakiwa hai na wakisikiliza.

Ligi ya Muungano ilizimika mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zanzibar ilipopata nafasi zake kwenye mashindano ya klabu za Afrika. Majimaji walishuka daraja, wakarudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, wakashuka tena mwaka 2018. Aprili 2024 mashindano ya Muungano yalirejeshwa kama kombe fupi la mtoano, na Simba wakalichukua Unguja kwa kuifunga Azam bao 1-0. Ubingwa wa Bara msimu huo ulikuwa wa Yanga. Mataji hayo mawili yaliandikwa kila moja mahali pake tangu siku ya kwanza, na safu mbili kama hizo, Bara upande mmoja na Muungano upande wa pili, zingetosha pia kwa miaka yote kuanzia 1982.