Dean Dixon: Kiongozi wa Okestra Ugenini

Neno okestra kwetu latukumbusha magitaa, tarumbeta na ukumbi wa dansi. Okestra tuitajayo hapa ni ya namna nyingine: wapigaji makumi kwa makumi, wengi wao wa fidla, wakimtazama mtu mmoja mwenye kijiti ambaye yeye mwenyewe hatoi sauti hata moja.

Mtu wa kazi hiyo alikuwa Dean Dixon, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1915. Elimu hakupungukiwa, kwani alisoma Juilliard na Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1941 aliiongoza New York Philharmonic, naye ndiye mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mialiko ilikuja mmoja mmoja. Ajira ya kudumu haikuja. Nasi twaona kwamba dhuluma hiyo ilikuwa na ukali wa pekee. Mpiga fidla aliyefungiwa milango aweza kujizoeza chumbani mwake. Kiongozi akinyimwa wapigaji amenyang'anywa chombo chenyewe.

Mwaka 1949 Dixon aliihama nchi yake. Gothenburg, huko Uswidi, walimpa okestra yao tangu 1953 hadi 1960. Redio ya Frankfurt ikamchukua 1961 hadi 1974, na kwa miaka kadhaa akaongoza pia ya Sydney, Australia. Mwaka 1970 New York Philharmonic ilimwalika tena, naye akaenda, akiwa mgeni.

Alifariki Uswisi mwaka 1976.