Mtu Ndani ya Kabati

Mwaka 1770, katika kasri la Schönbrunn mjini Vienna, Wolfgang von Kempelen alimletea Malkia Maria Theresa kabati la mbao. Nyuma yake iliketi sanamu ya mwanamume mwenye kilemba. Watu wakamwita Mturuki. Kempelen alifungua milango ya kabati, akamulika magurudumu ya meno kwa mshumaa, watazamaji wakaridhika kwamba hamna kitu ila mitambo. Akazungusha ufunguo. Mturuki akanyoosha mkono wa kushoto, akasogeza kete ya sataranji.

Mturuki alimshinda Benjamin Franklin mjini Paris, na mwaka 1809 akacheza na Napoleon.

Ndani mlikuwa na mtu. Bingwa wa sataranji alikaa kwenye kigoda chenye kuteleza: mlango wa huku ukifunguliwa, yeye keshahamia kule. Milango ikifungwa, aliwasha mshumaa wake. Kete zilikuwa na sumaku, hivyo kila iliposogezwa moja, kidude cha chuma kilitikisika chini ya ubao, juu ya kichwa chake. Moshi ulipandia ndani ya sanamu ukatokea kilembani, ndiyo maana mishumaa mingine iliwekwa nje, harufu isije ikamuumbua.

Mwandishi Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1836 kwamba mashine ya kweli ingeshinda kila mchezo. Kwa kuwa Mturuki hushindwa mara mojamoja, lazima ana mtu ndani. Hoja mbovu, maana mashine za leo hukosea kila siku, ila jibu alilipata. Miaka miwili baadaye William Schlumberger, aliyekuwa akijikunja humo kabatini, alikufa kwa homa ya manjano akiwa kwenye ziara ya Cuba. Kabati lenyewe liliungua Philadelphia mwaka 1854.

Jina halikuungua. Mwaka 2005 kampuni ya Amazon ilifungua huduma ya kugawa kazi ndogondogo zilizoishinda kompyuta, watu wazifanye kwa ujira mdogo kupitia intaneti, ikaiita Mechanical Turk, yaani Mturuki wa Mitambo. Na kabla ChatGPT, programu ya kujibu maswali, haijatoka Novemba 2022, vijana wa Nairobi waliajiriwa kusoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji wa watoto na kuyatia alama, ili programu ijue cha kukwepa. Kwa mujibu wa jarida la Time, walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa.

Anayeiuliza programu hiyo swali kwa simu leo hupata jibu la adabu. Adabu hiyo ilipitia kwanza machoni mwa kijana aliyekaa mbele ya kompyuta zamu nzima, akiamua, aya baada ya aya, ipi ni chafu na ipi haina neno.