Hadi diski mpya na CD-ROM ya zamani kwenye waya mmoja: nani anamchelewesha nani?

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu aliambiwa na fundi kwamba CD-ROM yake ya zamani inaivuta nyuma hadi diski, eti atoe hela anunue nyingine. Hela yenyewe hana. Nimeona niweke hapa jinsi hizi mashine za IDE zinavyofanya kazi, maana kuna watu ambao picha zao zote za miaka ile zimo humo.

IDE ni ule waya mpana, bapa, unaotoka kwenye mazabodi. Unabeba vifaa viwili: kimoja masta, kingine slevu. Unachagua kwa jampa, kile kiplastiki kidogo nyuma ya kifaa, jirani na soketi ya umeme. Vyote viwili vikiwekwa masta, kompyuta inaweza isione hata kimoja, kwa hiyo anza kuangalia hapo kabla hujalaumu kitu kingine.

Sasa hiyo habari ya kuvutana haikutoka hewani. Chipu ya Intel PIIX ya mwaka 1995 ilitumia mpangilio mmoja wa kasi kwa vifaa vyote viwili, basi cha haraka kilishushwa hadi kwa mwenzake. PIIX3 ya mwaka 1996 ikaruhusu kila kimoja kiwe na mpangilio wake. Kwa hiyo kwenye Pentium III au Pentium 4, CD-ROM ya MB 33 kwa sekunde na hadi diski ya MB 100 zinakaa pamoja bila kushushana. (Kwenye SCSI, ile ya seva, fundi angekuwa sahihi: kifaa kimoja cha zamani kinaweza kushusha njia nzima kutoka MB 160 hadi 40.)

Kinachobaki kwenye IDE ni zamu. Waya ni mmoja, na vifaa viwili haviwezi kuutumia kwa wakati mmoja. CD ikisomwa, hadi diski inasubiri. Ukihamisha picha kutoka diski ya zamani kwenda mpya zikiwa waya mmoja, kila kipande kinasomwa kwanza halafu ndo kinaandikwa. Mazabodi nyingi za enzi hizo zilikuwa na soketi mbili za IDE. Weka diski moja kwenye kila soketi, hasa kama ile ya zamani imeanza kupiga kelele za kugonga, maana huijui siku yake ya mwisho.

Mchawi mwingine ni waya wenyewe. Upo wenye nyuzi 40 na upo wenye nyuzi 80, na soketi zao zinafanana kabisa! Angalia nyuzi: zikiwa nyembamba sana na zimebanana, ni 80. Zile 40 za ziada hazibebi data, zinazuia tu nyuzi jirani zisiingiliane. Bila hizo huvuki MB 33, hata diski iwe mpya kiasi gani. Rangi zake kwa kawaida ni hizi: ya bluu kwenye mazabodi, nyeusi ya mwisho kwa masta, kijivu ya katikati kwa slevu. Urefu usizidi sentimita 46.

Halafu kuna Windows XP. Ikipata makosa 6 ya kusoma au kuandika inashusha kasi ngazi moja, mpaka inafika PIO, ambako prosesa inabeba data yenyewe na kompyuta nzima inakuwa nzito. Ingia Device Manager, sehemu ya IDE, Primary IDE Channel, kisha Advanced Settings. Ukikuta PIO kwenye hadi diski, badilisha waya kwanza, halafu ifute hiyo Primary IDE Channel uwashe upya. Windows itaitambua tena na kurudisha DMA. CD mbovu yenye mikwaruzo nayo huleta makosa haya kwenye upande wake.

Dogo tulimbadilishia waya tu, uliotoka kwenye mashine iliyokufa. Mwenye mashine inayomsumbua aandike hapo chini ameona DMA au PIO, na waya wake ni wa nyuzi ngapi.