Bitches Brew: albamu iliyokatwa kwa wembe

Wadau, siku ya kwanza kuisikia "Pharaoh's Dance" nilidhani CD imekwaruzika. Kipande kilekile kinarudi, mara kinarudi tena. Kumbe siyo mkwaruzo bwana, ni mkono wa prodyuza Teo Macero!

Tuanze na data. Miles Davis aliirekodi Bitches Brew mjini New York kwa siku tatu, tarehe 19 hadi 21 Agosti 1969. Ikatoka 1970, santuri mbili. Ndani yake jazi imeoana na roki: gitaa la umeme la John McLaughlin, piano za umeme za Chick Corea na Joe Zawinul, wapiga dramu wawili kwa mpigo. Mara nyingi Miles aliwapa wenzake vijipande tu, wakabuni palepale huku tepu inazunguka. Baadaye Macero akashika wembe, akakata na kuunga.

Hapo ndo patamu. Zawinul, mtunzi wa "Pharaoh's Dance", alisimulia kwamba siku moja alisikia muziki mkali kwenye ofisi za CBS, akauliza ni wa nani. Akaambiwa ni hiyohiyo Bitches Brew aliyoipiga yeye! McLaughlin naye alikumbuka kwamba kwenye In a Silent Way, Februari 1969, Miles alimtaka apige kama mtu asiyejua gitaa.

Sasa albamu ni ya nani, aliyepiga au aliyekata? Leo kila prodyuza anakata na kubandika kwenye kompyuta, kwa hiyo swali bado bichi. Mimi nasema wembe hauna cha kukata kama hakuna aliyepiga. Nyie je?