Mashine za Bei ya Mtumba Zilizobadilisha Muziki wa Miaka ya 1980

Hapa kwa kawaida huwa tunaongea kuhusu programu na kompyuta. Leo nitaongea kuhusu muziki, lakini msiondoke, maana hadithi yenyewe imejaa biti na saketi.

Ukiuliza kwa nini miaka ya 1980 ilileta house na tekno na kuigeuza kabisa hip hop, watu wengi watakutajia wasanii. Mimi nitakutajia bei. Sehemu kubwa ya muziki huo ilitengenezwa na vijana ambao hawakuwa na pesa za kukodi studio wala bendi. Walitumia vifaa ambavyo wanamuziki wenye uwezo walikuwa wamevikataa.

Ngoma isiyofanana na ngoma

Mwaka 1980 zilitoka mashine mbili za kupiga ngoma. Linn LM-1 ya Marekani ilikuwa na sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa, na iliuzwa karibu dola 5,000. Roland TR-808 ya Japani iliuzwa karibu dola 1,200. Memori ilikuwa ghali mno siku hizo, kwa hivyo 808 haikuwa na rekodi hata moja. Kila mlio ulitengenezwa na saketi za umeme. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, alinunua kwa makusudi transista zenye kasoro kwa sababu alipenda mkwaruzo wake.

Wanamuziki wengi waliiona 808 kama kitu cha kuchezea. Roland iliacha kuitengeneza mwaka 1983, baada ya mashine 12,000 hivi. Lakini mwaka 1982 Marvin Gaye alikuwa tayari ameitumia kwenye Sexual Healing, na Afrika Bambaataa wa Bronx, New York, akaitumia kwenye Planet Rock, wimbo ulioazima muziki wa Kraftwerk wa Ujerumani. Bei ya zile zilizotumika iliposhuka, vijana wengine wa hip hop wakazichukua. Besi yake nzito, ambayo haikufanana na ngoma yoyote, ikawa ndiyo wanayoitafuta.

Chicago na Detroit

Tarehe 12 Julai 1979, rekodi za disko zililipuliwa katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mbele ya maelfu ya watu. Kampuni za rekodi zikaanza kuikimbia disko. Waliobaki nayo ni vijana Weusi na Walatino, wengi wao mashoga, waliocheza katika klabu ya Warehouse ambako Frankie Knuckles alikuwa DJ. Jina la muziki wa house linasemekana limetoka kwenye jina la klabu hiyo. Kwa kuwa nyimbo mpya za disko zilipungua, walianza kujitengenezea. Mwaka 1984 Jesse Saunders alitoa On and On, mojawapo ya rekodi za kwanza kabisa za house.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Roland TB-303. Ilitoka mwaka 1981 ili mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake apate mtu wa kumpigia besi. Sauti yake haikufanana na gitaa la besi hata kidogo, na mwaka 1984 ikaachwa. Kundi la Phuture la Chicago lilipata moja iliyotumika, likazungusha vitufe vyake huku ikilia, na mwaka 1987 likatoa Acid Tracks. Hapo ndipo ilipozaliwa acid house. Huko Detroit, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walikuwa wakijenga tekno kwa vifaa vya aina hiyohiyo.

Itifaki ya bure

Vifaa hivi vilikuwa na tatizo ambalo kila mwandishi wa programu analijua: kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Mwaka 1981 Dave Smith wa Sequential Circuits alipendekeza lugha moja, akashirikiana na Kakehashi na kampuni nyingine za Japani. Januari 1983, kwenye maonyesho huko Anaheim, California, kinanda cha Sequential kiliunganishwa na cha Roland, na vikaelewana. Hiyo ndiyo MIDI.

Ni itifaki ndogo sana. Haibebi sauti, inabeba maagizo tu. Baiti tatu, 144, 60, 100, zinamaanisha: chaneli ya kwanza, piga noti ya C ya katikati, kwa nguvu ya 100 kati ya 127. Kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, agizo hilo linafika ndani ya milisekunde moja hivi. La muhimu zaidi, waliacha kuidai mrabaha. Kijana mwenye kinanda kimoja na mashine moja ya ngoma akapata bendi chumbani kwake.

Sekunde kumi, kisha mahakama

Mwaka 1987 ilitoka E-mu SP-1200, iliyoweza kurekodi vipande vya sauti vya sekunde kumi hivi kwa jumla. Watayarishaji wa hip hop wakacheza rekodi ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45, wakairekodi, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine. Sekunde kumi zikabeba zaidi ya 13, na ule mkwaruzo uliotokea ukawa ladha ya hip hop ya New York.

Mlango huo ulifungwa Desemba 1991. Jaji wa New York aliamua kesi ya Biz Markie, aliyetumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, akianza uamuzi wake kwa amri ya Biblia inayokataza kuiba. Mwenye wimbo ana haki yake, hilo sibishi. Lakini tangu hapo kuunganisha vipande vingi kulihitaji wanasheria na pesa, vitu ambavyo vijana wa mtaani hawakuwa navyo.

MIDI yenyewe haikufungwa. Kinanda cha mwaka 1983 bado kinaweza kuongea na laptopu ya leo. Na 808 ilifika hata kwetu: katika miaka ya 1990 Hardstone aliijenga Uhiki yake juu ya Sexual Healing, na leo sauti za 808 zimo katika programu za kutengenezea biti kwenye kompyuta za vijana wa Nairobi.

Kwa hivyo mwenzangu unayeandika programu, ukifika mahali pa kuchagua kati ya itifaki iliyo wazi na iliyofungwa, mkumbuke yule kijana wa Chicago. Kakehashi na Smith hawakumjua, lakini walimwachia nafasi. Haya, tukutane tena.