Rupia, Marki na Shilingi: Nani Aliyelipa Tofauti?

Mwanafunzi wa historia ya Kanisa anayefungua vitabu vya hesabu vya misioni za Kijerumani katika Tanganyika hukutana na hesabu mbili zinazokwenda sambamba. Sadaka za wenyeji na mishahara ya walimu ziliandikwa kwa rupia. Bodi za misioni huko Ujerumani zilihesabu kwa marki. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, inatokea shilingi. Asiyejua fedha hizi zilibadilishwaje hawezi kusema kama sadaka fulani ilikuwa kubwa au ndogo. Lakini liko jambo zito zaidi ya hilo. Kila mara kima kilipobadilishwa, palikuwa na mtu aliyelipa tofauti.

Rupia ya Uhindi ilikuwa imekwisha kuenea pwani kabla Wajerumani hawajafika. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipopiga rupia yake mwaka 1890, yenye sura ya Kaisari Wilhelm II, iliifuata ile ya Uhindi na kuigawa katika pesa 64. Tatizo lilikuwa fedha yenyewe, maana neno fedha asili yake ni jina la madini. Bei ya madini hayo ilikuwa ikishuka duniani. Rupia iliyokuwa karibu na shilingi 2 za Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1870, ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi ya thamani hiyo ilipofika mwaka 1893. Ndipo serikali ya Uhindi ikafunga viwanda vyake vya sarafu kwa watu binafsi waliopeleka fedha yao ipigwe, na mwaka 1899 ikathibitisha kima cha shilingi 1 na peni 4, yaani rupia 15 kwa pauni moja.

Serikali ya Kijerumani iliiga. Mwaka 1904 rupia yake iligawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64, na rupia 15 zikawa sawa na marki 20. Kwa kuwa marki 20 za dhahabu zilikaribiana sana na pauni, kima hiki kwa kweli kilikuwa kile kile cha Uhindi. Kwa hesabu hiyo, kodi ya nyumba ya rupia 3 iliyoanza kutozwa vijijini mwaka 1898 ilikuwa marki 4. Heller yenyewe imekwisha kutoweka, ila tungali tunasema "hela" kila siku.

Wakati wa vita meli za Kiingereza zilifunga njia ya bahari. Wajerumani wakachapa noti za muda, na mwaka 1916 wakapiga sarafu huko Tabora, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Muda si mrefu utawala wao ukakoma.

Mambo ya miaka iliyofuata yanastahili kutazamwa kwa makini. Bei ya madini ya fedha ilipanda sana wakati wa vita, na rupia ikapanda pamoja nayo, hata mwishoni mwa mwaka 1919 ikapita shilingi 2. Walowezi wa Kenya walilalamika kwa nguvu. Mazao yao waliyauza kwa pauni, lakini madeni yao ya benki yalikuwa kwa rupia. Aliyekopa rupia 1,500 kwa kima cha zamani alikuwa amekopa pauni 100. Sasa alidaiwa pauni 150. Pamoja na malalamiko hayo, mwaka 1920 serikali ya Uingereza ilikaza kima cha shilingi 2. Mwaka ule ule rupia katika soko la Uhindi ikaanza kuanguka tena, lakini Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye kima cha juu. Hatimaye ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa kila rupia ya awali, ishirini kwa pauni.

Walowezi walitafuta nafuu kwa vibarua wao. Mwaka 1921 waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hebu msomaji apige hesabu: shilingi 2 ni peni 24, ondoa theluthi, zinabaki peni 16, ndiyo shilingi 1 na peni 4. Kima walichonyimwa London walikirudisha kwa kukikata katika ujira wa mtu asiyekuwa na deni lolote benki.

Kodi haikufuata hesabu hiyo. Kodi ya nyumba nchini Kenya ilikuwa rupia 5, na mwaka 1920 ilipandishwa kuwa rupia 8. Rupia 5 za zamani zilikuwa peni 80. Rupia 8 mpya zilikuwa shilingi 16, yaani peni 192. Mshahara ulishushwa, kodi ikapanda zaidi ya maradufu kwa fedha ya Kiingereza. Malalamiko haya ndiyo yaliyompa Harry Thuku wasikilizaji wengi. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Hata hesabu ya serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Mwaka huo huo kodi ilishushwa kuwa shilingi 12.

Kima cha shilingi 20 kwa pauni kilidumu miaka arobaini na mitano. Novemba 1967 Uingereza iliposhusha thamani ya pauni, Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo sasa zilikuwa na benki kuu zao, zilikataa kuifuata. Pauni moja ikawa shilingi 17 na senti 14.