Kutoka bleu hadi poil

Nilipoanza chuo hapa Bukavu, jina langu liliwekwa kando hadi siku ya ubatizo wa wanafunzi wapya. "Weye bleu, kuya hapa!" Nikipita uani, lazima niiname. Siku moja nilipimishwa urefu wa ukumbi kwa kijiti cha kiberiti, huku wasichana wa mwaka wa tatu wakihesabu kwa sauti na kunivuruga makusudi.

Neno lenyewe ni la kambini. Katika jeshi la Ufaransa, bleu alikuwa askari aliyeingia juzi, asiyejua hata kufunga mkanda wake. Wanafunzi wa Ubelgiji wakalichukua, na Chuo cha Louvain kilipozaa Lovanium mwaka 1954, kule Léopoldville (Kinshasa ya leo), desturi ikaja pamoja na vitabu. Bleu akibatizwa anakuwa poil, na msichana anakuwa plume. Ndiyo maana mpaka leo msemaji wa wanafunzi akishika maikrofoni huanza na "camarades poils et plumes", hata kama anayefuata kusema ni waziri.

Kisha likaja jambo la 1971. Tarehe 4 Juni 1969 askari walikuwa wamewapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Miaka miwili baadaye wenzao walitaka kuwakumbuka marehemu. Rais Mobutu akaifunga Lovanium na kuwaingiza wanafunzi wake jeshini. Poil aliyebakiza mtihani wa mwisho akavalishwa magwanda, akawa bleu upya, safari hii bila mzaha. Mwaka huohuo vyuo vikuu vyote vikaunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, na chuo chetu cha ualimu cha Bukavu, ISP, kikawa chini yake.

Siku hizi neno limeshuka mjini. Dereva mpya wa teksi pale Nyawera ni bleu, muuza samaki mgeni Kadutu ni bleu. Ubatizo wenyewe wakubwa wa vyuo wameukataza mara nyingi, na ule wa kupiga watu mimi siulilii.

Ila Oktoba 1996, waasi wa AFDL walipouteka mji, tulipata neno jingine la waliojiunga karibuni: kadogo. Wengi walikuwa watoto kweli, wametolewa shuleni. Bleu anajua ubatizo wake ni lini; kadogo hakupangiwa siku ya kukoma kuwa kadogo.

Nilipokuwa mwalimu, mmoja wao alijiandikisha mwaka wa kwanza, mtu mzima mwenye ndevu. Wanafunzi wakubwa walimwita bleu asubuhi moja. Kesho yake walimwita camarade poil, bila ubatizo wowote, wakamwachia kiti cha mbele.